Kadi ya mtandao ya zamani: namna ya kuitambua na kuiseti hadi ping ijibu

Kompyuta za 486 na Pentium bado zipo. Ziko stoo za shule, ziko kwenye mabenchi ya mafundi kuanzia Iringa hadi Tunduma, na ofisi nyingine bado inaitegemea moja kwa sababu ya programu ya DOS ambayo haijapata mbadala. Diski zake zinazeeka, na njia salama ya kutoa mafaili kabla diski haijakata roho ni waya wa mtandao.

Hapo ndipo watu wanapokwama, na karibu wote hukwama pale pale. Wanachomeka kadi, wanatafuta draiva, draiva inagoma, wanatafuta nyingine, mwisho wanatangaza kadi imekufa. Mara nyingi kadi ni nzima, ila kazi imeanzia mwisho. Katika mwongozo huu draiva inakuja hatua ya 7, na ukifika hapo utaandika mstari mmoja tu.

## Vitu vya kuandaa

- Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati (PH2).
- Raba nyeupe ya kufutia penseli, brashi laini ya rangi isiyotumika, na spiriti isiyo na mafuta wala rangi.
- Simu yenye kamera na tochi. Maandishi ya chipu ni madogo kuliko macho ya wengi wetu.
- Flopi ya inchi 3.5 ya MB 1.44 iliyo nzima, pamoja na diski drevu ya flopi ya USB kwenye kompyuta mpya ya kupakulia. Kama mashine ina CD, choma CD.
- Swichi ndogo ya kawaida ya 10/100, ile ya bei rahisi ya milango mitano. Usikimbilie swichi ya kisasa ya 2.5G: baadhi yake hazishuki hadi Mbps 10, na kadi nyingi za ISA hazipandi juu ya hapo.
- Kebo ya Cat5 uliyokwisha kuijaribu kwenye kompyuta nyingine.
- Karatasi na kalamu.

Programu: programu ya kuseti ya kadi yenyewe (utaijua jina baada ya hatua ya 3), packet driver ya kadi hiyo (draiva ndogo ya DOS inayounganisha kadi na programu za mtandao), na mTCP, kifurushi cha bure cha Michael Brutman kinachoipa DOS uwezo wa DHCP (kupewa anwani ya IP na ruta), ping (kuuliza kama kifaa kingine kinajibu) na FTP (kuhamisha mafaili).

## Hatua ya 1: Fungua mashine bila kuiua

Zima, kisha chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima peke yake hakutoshi: pawa saplai ya ATX huendelea kupeleka volti 5 kwenye mazabodi hata mashine ikiwa imelala, na kuchomeka kadi katika hali hiyo kunaweza kuiunguza.

Shika chuma cha kasha kisicho na rangi kabla ya kugusa kadi, na urudie kila unapoinuka na kurudi. Nyanda za juu kati ya Juni na Agosti kuna baridi kavu na kila mtu amevaa sweta au jaketi la nailoni. Umeme tuli unaojikusanya kwenye nguo unatosha kuua chipu bila wewe kuhisi chochote. Vua jaketi, kunja mikono ya shati.

Mashine iliyolala kwenye stoo ya Makete au Njombe usiku kucha, ukiiingiza kwenye chumba chenye moto, inatoka jasho ndani kama chupa ya soda. Iache wazi saa mbili hivi kabla ya kuiwasha.

## Hatua ya 2: Jua ni sloti gani, na ni kadi gani

Sloti nyeusi ndefu ni ISA. Ikiwa ina kipande kimoja tu ni ya biti 8. Ikiwa na vipande viwili vilivyofuatana ni ya biti 16. Sloti nyeupe fupi, takribani sentimita 8.5, ni PCI. Tofauti hii inaamua kazi yote inayofuata: kadi ya PCI hupangiwa rasilimali na BIOS yenyewe (programu ya mazabodi inayoanza mashine ikiwashwa), ya ISA mara nyingi unaipangia wewe.

Kisha hakikisha ulichoshika ni kadi ya Ethaneti. Angalia matundu ya nyuma:

- RJ-45, tundu pana la pini 8: Ethaneti ya kawaida, 10BASE-T au 100BASE-TX.
- Duara la chuma lenye vishikizo viwili: BNC, ya 10BASE2. Waya wake ni RG-58 wa omu 50. Kebo ya dishi la televisheni ni ya omu 75, haifai hata ikiingia vizuri.
- Tundu la D la pini 15: AUI. Kadi za sauti nazo zina tundu la pini 15, la joystick. Ukiona vitundu vya spika pembeni, hiyo ni kadi ya sauti.
- Matundu mawili madogo yaliyoandikwa LINE na PHONE: hiyo ni modemu.
- Tundu la D la pini 9 likiwa pamoja na RJ-45: acha hapo hapo. Hiyo ni Token Ring, na haitazungumza na swichi yako kwa dawa yoyote.

Hiyo ya mwisho inapoteza muda wa watu wengi, kwa sababu RJ-45 yake inaingiza kebo bila shida na kadi inaonekana safi kabisa.

## Hatua ya 3: Soma chipu, si stika

Jina la kampuni kwenye boksi au kwenye bati la nyuma halikusaidii sana. Kampuni nyingi zilinunua chipu ileile na kubandika jina lao. Draiva inafuata chipu. Futa vumbi kwa brashi, washa tochi kwa ubavu ili kivuli kionyeshe maandishi, piga picha, ikuze.

Tafuta chipu kubwa kuliko zote:

- RTL8019AS, UM9008 au DP8390: familia ya NE2000 (muundo wa kadi ulioigwa na kampuni nyingi), upande wa ISA. Ndiyo rahisi kuliko zote.
- Namba 3C509 au 3C509B, mara nyingi kwenye ubao wenyewe au kwenye stika ya msimbo pau: 3Com. Si NE2000, usiilazimishie draiva ya NE2000.
- 83C690 au 83C790: SMC, zamani Western Digital. Hutumia kipande cha kumbukumbu ya mashine, na hilo lina masharti yake katika hatua ya 5.
- Am79C960 au Am79C961: PCnet ya AMD. Hii inahitaji pia njia ya DMA iliyo wazi (njia ya kupeleka data kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa).
- RTL8029AS: NE2000 ya PCI, Mbps 10.
- RTL8139, 3C905, Intel 82557 hadi 82559: kadi za PCI za Mbps 100.

Maandishi yakiwa yamefutika, una vidokezo viwili. Cha kwanza ni FCC ID iliyochapwa kwenye ubao: herufi tatu za mwanzo ni za mtengenezaji. DF6 ni 3Com, EJM ni Intel, KA2 ni D-Link. Cha pili ni anwani ya MAC kwenye stika, yaani namba ya utambulisho ya kadi yenyewe. Tarakimu sita za mwanzo zinataja kampuni: 00:60:97 ni 3Com, 00:A0:C9 Intel, 00:E0:4C Realtek, 00:80:C8 D-Link, 00:00:C0 Western Digital.

Iandike MAC hiyo yote kwenye karatasi. Katika hatua ya 7 itakuwa shahidi wako mkuu.

Kadi ya PCI ina njia fupi zaidi: washa mashine kwa Linux yoyote ya CD inayoikubali, andika `lspci -nn`, usome namba mbili mwisho wa mstari. 10ec:8139 ni RTL8139, 10ec:8029 ni RTL8029, 10b7:9200 ni 3C905C, 8086:1229 ni familia ya Intel 82557. Namba hizo hazidanganyi hata chipu ikiwa imefunikwa na stika.

Umefanikiwa ukiwa na: jina la chipu, MAC na aina ya sloti kwenye karatasi.

## Hatua ya 4: Safisha meno ya kadi na uichomeke

Sugua meno ya dhahabu kwa raba, taratibu, kuelekea ncha, pande zote mbili. Pangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Usitumie msasa hata ule laini: dhahabu ile ni utando mwembamba mno, ukiondoka shaba iliyo chini inashika kutu msimu mmoja tu wa mvua.

Vumbi jekundu hukaa ndani ya sloti pia. Lipulizie nje, usilisukume kwa brashi kwenda chini. Chomeka kadi ikiwa imenyooka, kisha kaza skrubu ya bati. Kadi isiyokazwa huinuka kidogo upande wa nyuma kila kebo inapovutwa, na hapo unapata ule ugonjwa wa “jana ilifanya kazi”.

Kadi ni ya PCI? Ruka hadi hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Chagua anwani na IRQ

Hapa ndipo penye shughuli. Kadi ya ISA inahitaji vitu viwili visivyotumiwa na kifaa kingine: anwani ya I/O, yaani mahali ambapo prosesa inaikuta kadi, na IRQ, njia ambayo kadi huitumia kuiambia prosesa kwamba data imefika.

Kwenye mashine ya 286 kwenda juu, anza na I/O 300h na IRQ 10 (herufi h mwishoni maana yake namba ni ya msingi wa 16, si wa 10). Sababu zake ni hizi. IRQ 3 ni ya COM2, 4 ni ya COM1, 5 hupendwa na kadi za sauti, 7 ni ya printa, 12 ni ya mausi ya PS/2, 14 na 15 ni za diski za IDE. Zinazobaki huru mara nyingi ni 10 na 11. Kadi nyingi za NE2000 zilitoka kiwandani zikiwa kwenye IRQ 3, kwa hiyo ukiichomeka kama ilivyo kwenye mashine yenye COM2, ugomvi unaanza palepale.

Upande wa anwani, NE2000 inachukua nafasi 32 mfululizo. Ukichagua 360h inafika hadi 37Fh, na printa ya LPT1 inakaa 378h ndani yake. Ukichagua 320h unagusa 330h, makazi ya MIDI ya kadi za sauti. Kwa 300h unaishia 31Fh, na kwa kawaida hapo ni wazi.

Kwenye XT au sloti ya biti 8 hakuna IRQ 10, maana waya wake haupo. Zima COM2 utumie IRQ 3. IRQ 5 na anwani 320h huko ni za kadi ya diski kuu.

Sasa iambie kadi ulichochagua. Kuna kadi za aina tatu.

Zenye jampa nyingi (vifuniko vidogo vinavyounganisha pini mbili). Jedwali limechapwa kwenye ubao, karibu na pini. Hamisha jampa, maliza. Jampa ya ziada iegeshe kwenye pini moja ili isipotee.

Zinazosetiwa kwa programu. Mpangilio unakaa kwenye kichipu kidogo cha miguu minane, mara nyingi 93C46. Kwa RTL8019AS tumia `RSET8019.EXE`, kwa 3C509 tumia `3C5X9CFG.EXE`.

Za PnP (Plug and Play, yaani zinazosubiri kupangiwa mpangilio). Hizi ndizo zinazoitwa “zimekufa” kuliko zote. Kadi ya PnP hukaa kimya hadi iamshwe na BIOS au Windows. Kwenye DOS tupu, hasa ya 486, hakuna wa kuiamsha. Dawa ni kuizima PnP: kwenye kadi nyingi za RTL8019AS kuna jampa ya kuchagua hali ya kusetiwa kwa programu, na kwenye 3C509B unazima PnP ndani ya programu yake ya kuseti.

Programu hizi ziendeshe kwenye DOS safi. Maneno `Starting MS-DOS...` yakitokea bonyeza F5, ili EMM386 (programu ya DOS ya kusimamia kumbukumbu) na wenzake wasipakiwe. Kwenye Windows 95 au 98 bonyeza F8 mwanzoni uchague kuingia DOS moja kwa moja. Dirisha la DOS ndani ya Windows halifai, kwa kuwa Windows hujiweka kati yako na kadi.

Ndani ya programu badilisha vitu vinne: I/O 300, IRQ 10, aina ya waya 10BaseT, na boot ROM (chipu ya kuwashia mashine kupitia mtandao) izimwe. Usipuuze aina ya waya. Kadi iliyotoka kwenye mtandao wa BNC itabaki inasikiliza BNC, na taa ya swichi haitawaka hata ubadilishe kebo kumi. Hifadhi, zima kabisa, subiri sekunde 10, washa. Kadi husoma kile kichipu inapoanza tu.

Kama mazabodi ina ISA na PCI pamoja, ingia BIOS, sehemu ya PnP/PCI, weka IRQ 10 iwe `Legacy ISA`. Usipofanya hivyo BIOS inaweza kuigawa IRQ hiyo kwa kadi ya PCI bila kukuuliza.

Kwa kadi za SMC zenye kumbukumbu, ongeza kwenye CONFIG.SYS (faili la mpangilio wa DOS) sehemu iliyokatazwa kwa EMM386:

`DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS X=D000-D3FF`

Hiyo ni kwa kadi ya KB 16 iliyowekwa D000. Bila katazo hilo, EMM386 hupanga programu mahali kadi ilipo, na mashine inaganda mara tu data ya kwanza inapofika.

### Kipimo cha DEBUG kwa NE2000

Kabla ya kwenda mbele, iulize kadi yenyewe. Andika `DEBUG`, kisha:

```
-i 31F
-i 300
21
-q
```

Alama `-` inaandikwa na DEBUG yenyewe, na 21 ni jibu la kadi, usiviandike. Mstari wa kwanza unairudisha kadi mwanzo (namba itakayotokea ipuuze), wa pili unasoma rejista yake ya amri. Jibu 21 maana yake chipu ipo na imetulia. Jibu FF maana yake hakuna kitu kwenye anwani hiyo: rudi kwenye jampa au PnP. Tumia herufi `i` tu. Amri ya `o` inaandika, na ukiandika kwenye anwani isiyo ya kadi unaweza kuvuruga kifaa kingine.

## Hatua ya 6: Pima kadi na waya kabla ya draiva

Programu ya kuseti ina sehemu ya kujipima. Iendeshe. Ikishindwa kwenye I/O au kumbukumbu, tatizo ni anwani au kadi. Ikishindwa kwenye interrupt peke yake, IRQ imegongana.

Halafu chomeka kebo kwenye swichi, utazame taa ya swichi, maana kadi nyingine hazina taa kabisa. Taa isipowaka: angalia tena aina ya waya, kisha kebo, kisha mlango mwingine wa swichi. Ukiunganisha kadi kwa kadi moja kwa moja, unahitaji kebo ya krosi; kwenye habu ya zamani kebo ya kawaida inatosha. Swichi za sasa hujigeuza zenyewe.

Duplex iache half, yaani kadi itume au ipokee kwa zamu; full ni vyote kwa pamoja. Kadi ya Mbps 10 haijui kukubaliana na swichi, kwa hiyo swichi huchukulia half. Ukiilazimisha kadi iwe full, ping itapita vizuri lakini faili la MB 5 litatambaa kama konokono.

## Hatua ya 7: Packet driver

Weka mafaili kwenye `C:\NET`. Kwa NE2000:

`NE2000 0x60 10 0x300`

Namba ya kwanza ni mlango wa programu, ya pili IRQ, ya tatu anwani. Angalia ile `0x`. Ukiandika 300 bila `0x`, draiva inaisoma kama mia tatu ya kawaida, ambayo ni 12Ch. Ukiandika 0x10 kwenye IRQ, umesema 16, na IRQ hiyo haipo kwenye mashine hizi.

Kadi nyingine: 3C509 ni `3C5X9PD 0x60`, RTL8139 ni `RTSPKT 0x60`. Hizi huitafuta kadi zenyewe.

Draiva itaandika anwani ya MAC. Linganisha na karatasi yako. Zikifanana, anwani ya I/O ni sahihi bila shaka yoyote. Ikitokea FF:FF:FF:FF:FF:FF, anwani si sahihi.

Tahadhari: MAC sahihi haithibitishi IRQ. Draiva husoma MAC kupitia I/O tu, IRQ haihusiki. Kwa hiyo MAC ikiwa sawa, taa inawaka, lakini DHCP haijibu, mshukiwa wa kwanza ni IRQ. Hii ni sehemu ambayo watu hurudi kubadilisha draiva bure.

## Hatua ya 8: DHCP na ping

Tengeneza faili `C:\NET\MTCP.CFG` lenye mistari miwili:

```
PACKETINT 0x60
HOSTNAME STOO1
```

Kisha:

```
SET MTCPCFG=C:\NET\MTCP.CFG
DHCP
PING 192.168.1.1
```

Weka anwani ya ruta yako mahali pa 192.168.1.1. DHCP ikifaulu itaandika IP ndani ya faili lile lenyewe. Ping ikijibu, kazi imekwisha: tumia `FTP` ya mTCP kupeleka mafaili kwenye kompyuta nyingine ya chumba hichohicho. FTP haifichi nywila, kwa hiyo isitoke nje ya mtandao wa ndani. Na Windows 98 usiifungulie intaneti; tovuti nyingi za leo haitazifungua, ila wadudu inaweza kuwapokea.

## Ukitumia Windows 95/98 au Linux

Windows: nakili kwanza folda ya WIN98 kutoka CD kwenda diski, kwani itaombwa mara kadhaa. Kwenye Control Panel, Network, ongeza adapta `NE2000 Compatible` na kwenye Resources uandike mwenyewe 300 na IRQ 10. Usiiachie Windows ikisie.

Linux: `modprobe ne io=0x300 irq=10`, kisha `dmesg`. Kadi za PCI hujitambua zenyewe. Ikigongana na kadi nyingine kwenye IRQ, ihamishie sloti ya pili.

## Dalili na chanzo

- Mashine inaganda draiva ikipakiwa: IRQ au EMM386.
- Mausi au modemu ya COM2 imekufa baada ya kuweka kadi: umeacha IRQ 3.
- Printa inachapa takataka: umechagua 360h.
- Ping moja inapita, nyingine inapotea: meno machafu, au ncha ya kebo imebanwa vibaya.
- Kadi ilifanya kazi hadi radi ilipopiga: kebo ndefu kati ya majengo mawili imeleta volti. Kuanzia Novemba hadi Aprili chomoa kebo kila wingu linapofunga. Kuchomoa umeme peke yake hakusaidii, maana radi inapita hata kwenye Cat5.

Kabla ya kufunga kasha, bandika ndani ya kifuniko karatasi yenye chipu, MAC, 300h, IRQ 10 na ule mstari wa packet driver neno kwa neno. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu unafifia.